KINALEVYA? BIA YA NDOONI, RUBISI YA KWETU, NA KIBUYU NILICHOKIMWAGA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, juma hili nilipokea ujumbe wa sauti wa dakika 4 kutoka kwa kijana wetu mmoja. Kwao ni Muleba. Nilimfundisha alifu na bei akiwa mdogo, leo ni mwanamume mwenye ndevu, anafanya kazi Ulaya. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya mama watoto, kisha akanyamaza kidogo. Ukiwa imamu muda mrefu unajifunza kwamba swali lenyewe linakuja baada ya ukimya ule.

Akasema: "Sheikh, hapa tunaishi vijana wanne nyumba moja. Wenzangu wamenunua seti ya kutengeneza bia nyumbani, wanataka nami nichangie. Ni bia nyepesi, Sheikh, asilimia mbili na nusu tu. Hatuendi baa, hatuonekani na mtu. Halafu nikiangalia wanavyoitengeneza, naona ni kama rubisi ya bibi yangu. Sasa je, nayo hukumu yake ni ile ile?"

Nimemwomba ruhusa nijibu hapa bila kumtaja, akakubali, Allah amlipe kheri. Swali hili si lake peke yake. Wapo walioko Bukoba mjini wanaojiuliza hivyo hivyo, ila wanaona haya kuuliza.

Basi twende taratibu. Usisome haraka.

NDOO YA ULAYA NA MTUMBWI WA KWETU

Kijana alinieleza ile seti ilivyo. Ndani ya boksi kuna kopo la kimea cha shayiri kilichopikwa mpaka kikawa kizito kama asali, na kipakiti kidogo cha hamira. Unachanganya kile kimea na maji ya moto, unatia sukari, unaongeza maji baridi mpaka ndoo ifike lita 20 na kitu. Ikipoa unanyunyiza hamira, unafunika. Kwenye kifuniko kuna kibomba kidogo chenye maji, hewa ya ndani inatoka lakini ya nje haiingii. Baada ya siku moja hivi kinaanza kububujika. Baada ya wiki moja au mbili kinatulia, wanatia kwenye chupa. Wakitaka iwe nyepesi wanapunguza kimea na sukari, kwa sababu chakula cha hamira kikipungua, kilevi nacho kinapungua.

Nilipomsikiliza nilicheka peke yangu. Wallahi, ukiondoa ile plastiki, hakuna jipya pale kwa mtu wa Kagera.

Sisi tuliozaliwa kwenye migomba tunaijua kazi hii toka utotoni. Kuna ndizi za embire, zile ambazo huzipiki na maharage. Zinakatwa zikiwa zimekomaa, zinavundikwa shimoni kwa majani ya mgomba au zinawekwa juu ya moshi wa jiko mpaka ziive. Zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa, zinachanganywa na nyasi, wanaume wanazikanyaga kwa miguu mpaka zitoe maji. Maji yale yakichujwa ni matamu na hayana neno. Mimi nimeyanywa, na wewe mtu wa Kamachumu, wa Nshamba au wa Kanyigo umeyanywa. Kisha unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi unafunikwa kwa majani ya mgomba, watu wanakwenda kulala. Kukicha mambo yamegeuka. Kuna povu, kuna harufu, kuna ukali ulimini. Iliyokuwa juisi jana, leo inaelekea kuwa rubisi kamili.

Hamira yao inatoka kwenye kipakiti. Yetu inatoka kwenye maganda, kwenye mtama, na kwenye mtumbwi wenyewe uliozoea kazi hiyo. Lakini ni viumbe wadogo wa aina moja. Wanakula sukari, wanatoa hewa na kilevi. Hawajali kama sukari ni ya shayiri au ya ndizi, na hawajali kama uko Ulaya au uko Rubya.

Kwa hiyo kijana amesema kweli, bia ile na rubisi ni ndugu. Ila ameanzia mwisho. Ameiona rubisi ni jambo dogo kwa kuwa ni ya bibi, kisha akaifanya kipimo cha kuhalalisha bia. Sisi tutaanzia kwenye swali. Na swali hilo, ndugu yangu msomaji, mimi sikulipata kitabuni kwanza. Nililipata kwa aibu.

KIBUYU NILICHOKIMWAGA

Upande wa mama yangu ni Wakristo. Mama alisilimu alipoolewa na baba, ndugu zake wakabaki na dini yao. Sisi watoto kila likizo tulikwenda Muleba kwa wajomba, tukala, tukalala, tukafundishwa kulima. Mjomba wangu mkubwa alikuwa fundi wa rubisi. Akikamua, watu wanatoka vijiji vya mbali kuja kwake.

Babu mzaa mama alipofariki nilikuwa na miaka 27. Ndiyo kwanza nimekabidhiwa msikiti. Nilikuwa na kanzu mpya, kilemba kipya, na ulimi mkali ambao nilidhani ndio elimu. Mnajua kwetu, shughuli haiendi bila rubisi, iwe harusi au msiba. Wazee wanakaa, kibuyu kinazunguka. Mimi nilikaa pembeni na wajukuu wenzangu Waislamu. Mjomba akatoka ndani na kibuyu kidogo, akawapita wazee wote, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akanipa kwa mikono miwili mbele ya watu.

Nikasimama. Nikakipokea kile kibuyu, nikakigeuza, nikamwaga chini yote iliyokuwamo. Halafu nikatoa mawaidha juu ya khamri pale pale, kwa sauti ya juu, na babu hajamaliza siku mbili kaburini. Nilisema mengi. Mjomba hakujibu neno. Aliinama, akaokota kibuyu chake, akakifuta kwa kiganja, akarudi ndani.

Jioni mke wa mjomba akaniita jikoni. Hakunigombeza. Aliniambia: "Mwanangu, mjomba wako aliamka alfajiri akakamua kidogo pembeni kwa ajili yenu wajukuu wa dini. Hakutia mtama. Na kibuyu kile ni kipya, hakijawahi kutiwa pombe, maana mama yako alimweleza siku nyingi kwamba cha pombe hamkitaki. Uliyomwaga ilikuwa juisi ya leo asubuhi."

Waitu! Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Kesho yake nilimfuata mjomba kwenye migomba, nikamwomba radhi. Aliendelea kukata majani makavu, panga linakwenda taratibu, kisha akaniuliza bila hasira: "Mpwa wangu, kwani kwenye dini yenu hakuna kuuliza?"

Nilirudi Bukoba na maneno hayo yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikafungua vitabu. Niliyoyakuta yalinitoa jasho.

MTUME (S.A.W) ALIULIZA KWANZA

Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba Daylam Al-Himyari alimwendea Mtume (S.A.W) akamweleza kwamba wao wanaishi nchi ya baridi, wanafanya kazi ngumu, na wanatengeneza kinywaji cha ngano kinachowapa nguvu za kazi na kuwakinga na baridi ya nchi yao. Zitazame hoja zake vizuri. Ni hoja za mkulima kabisa. Ungeweza kuzisikia leo juu ya mlima wa Kamachumu wakati wa mvua. Mtume (S.A.W) hakumkaripia. Alimuuliza jambo moja tu: je, kinalevya? Alipojibu kwamba kinalevya, akamwamuru wakiepuke.

Na katika Bukhari na Muslim, Abu Musa Al-Ash'ari (R.A) alipotumwa Yemen aliuliza kuhusu vinywaji viwili vya watu wa kule, kimoja cha asali na kingine cha shayiri. Umesikia, kijana wangu? Shayiri, ile ile iliyomo kwenye kopo lenu. Mtume (S.A.W) hakutoa hukumu moja kwa asali na nyingine kwa shayiri. Alirudisha yote kwenye kanuni moja, kwamba chochote chenye kulevya ni haramu.

Tena kuna jambo la vyombo. Ujumbe wa kabila la Abdul Qays ulipofika Madina, Mtume (S.A.W) aliwakataza kulowekea vinywaji katika vyombo vya aina nne. Kimojawapo ni kibuyu, na kingine ni gogo la mtende lililochongwa ndani. Mtu wa Kagera akisoma hapo lazima atabasamu, maana ni kama anaonyeshwa ua wa nyumba ya babu yake. Vyombo vile vilifanya kinywaji kigeuke upesi, mtu hata hajatambua. Lakini baadaye, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Buraida (R.A), katazo la vyombo likaondolewa. Watu wakaruhusiwa vyombo vyote, wakabaki na sharti moja, wasinywe chenye kulevya.

Nilipofika hapo nikamkumbuka mjomba anavyokifuta kibuyu chake.

Utasema: lakini Sheikh, mbona Mtume naye aliamuru kinywaji kimwagwe? Ni kweli. Abu Huraira (R.A) alimwandalia kinywaji cha kulowekwa ndani ya kibuyu ili afuturu nacho, na alipokileta Mtume (S.A.W) akaamuru kipigizwe ukutani. Hadithi iko kwa Abu Daud na Nasai. Lakini hadithi hiyo inasema kinywaji kile kilikuwa kinachemka chenyewe bila moto. Alama ilikuwa wazi. Kibuyu changu hakikuwa na povu, hakikuwa na harufu, na mimi sikukinusa. Nilihukumu kibuyu, nikauhukumu na mkono ulionipa, nikaacha kutazama kilichomo.

Na kinywaji kitamu cha kulowekwa, Mtume (S.A.W) mwenyewe alikinywa. Ibn Abbas (R.A) anasimulia, kwa mapokezi ya Muslim, kwamba alikuwa akilowekewa zabibu, akinywa siku ile na zinazofuata hadi jioni ya siku ya tatu, kinachobaki hakinywi tena. Hapa uwe mwangalifu, ndugu yangu. Usichukue siku tatu ukazipeleka kwenye mtumbwi wa ndizi. Juisi ya ndizi iliyotiwa mtama haingoji siku tatu, usiku mmoja tu inaanza kugeuka. Sheria inatazama hali ya kinywaji. Povu likianza kupanda, ukali ukiingia, kimekwisha kukutoka mkononi, hata kama ni cha jana.

HOJA TATU ZA KIJANA WETU

Hoja ya kwanza: ni nyepesi.

Jibu lake liko katika hadithi ya Jabir (R.A), kwa Abu Daud na Tirmidhi, ambayo maana yake ni kwamba kinywaji ambacho kingi chake kinalevya, basi hata kidogo chake ni haramu. Kwa hiyo usijipime wewe na glasi yako moja. Kipime kinywaji. Hiyo bia ya asilimia mbili na nusu, mtu akikaa nayo jioni nzima, chupa baada ya chupa, italevya au haitalevya? Wenzako wanaitengeneza kwa ajili gani, kama si kwa kile kidogo kilichomo? Ikiwa chupa ya sita inalevya, funda la kwanza la chupa ya kwanza limeshaingia kwenye hukumu.

Lakini msiniletee wasiwasi wa upande wa pili. Ndizi ikiiva sana huwa na chembe ya kilevi, mkate uliotiwa hamira nao hivyo hivyo kabla haujaokwa. Hakuna anayelewa kwa ndizi mbivu hata ale mkungu mzima, tumbo litapasuka kabla ya akili kuyumba. Hivyo ni halali, kula ukamshukuru Mola wako. Rudi kwenye lile lile swali: kikiwa kingi, kinalevya? Kama hapana, acha kujitesa.

Hoja ya pili: ni nyumbani, hatuonekani.

Ndugu yangu, khamri ya Madina ilipoharamishwa, Anas bin Malik (R.A) alikuwa ananywesha watu nyumbani kwa Abu Talha. Nyumbani! Na haikuwa ya zabibu. Ilikuwa ya tende zao wenyewe, kinywaji cha kienyeji. Wakasikia mpiga mbiu nje, Abu Talha akamwambia atoke akaimwage, ikamwagwa mpaka ikatiririka kwenye njia za Madina. Iko katika Bukhari. Hatukusikia kwamba yupo aliyesema, ngoja nimalize hii iliyomo mkononi. Hatukusikia aliyesema, hii ni ya nyumbani, katazo ni la wauzaji. Na wewe kijana, hao wasiokuona ni majirani tu.

Hoja ya tatu: ni kama rubisi ya bibi.

Naijua hoja hii, ina utamu wake. Mtu ukiwa mbali na kwenu, harufu ya kitu kinachochachuka inaweza kukurudisha kwenye ua wa bibi yako hata machozi yakakutoka. Sikulaumu. Mpende bibi yako, mtumie matumizi, mpigie simu. Lakini kumpenda hakubadilishi kilichomo mtumbwini. Sayyidna Umar (R.A) alipanda mimbari akawaeleza watu kwamba khamri ni kile kinachofunika akili, akataja zabibu, tende, asali, ngano na shayiri. Hakusema cha wageni kinafunika akili na cha nyumbani hakifuniki. Na Mtume (S.A.W) alishatahadharisha, kama ilivyo kwa Abu Daud, kwamba watakuja watu katika umma huu watakunywa khamri wakiipa jina lingine. Leo inaitwa nyepesi. Inaitwa kinywaji cha mila. Inaitwa juisi iliyolala. Jina ni rahisi kubadilisha, rubisi haigeuki kwa jina.

MFUKO WANGU MWENYEWE

Laiti ningeishia hapa, ningejiona nimemjibu kijana na nimefaulu. Lakini lile swali la mjomba lilikuwa na mguu wa pili, na mguu huo ulinikanyaga mimi.

Baba yangu, Allah amrehemu, aliniachia kibanja. Katika kona moja kuna migomba ya embire, aliikuta na yeye. Mimi pombe sijawahi kuionja, alhamdulillah. Lakini kulikuwa na mama mmoja jirani, mjane, si Muislamu, ambaye kila baada ya muda alikuja na vijana wake na baiskeli, ananunua mikungu ya embire, ananilipa taslimu. Miaka mingi. Ada ya sekondari ya binti yangu ilitoka kwenye kona ile.

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Muleba, mabwana shamba walitufundisha kukata ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kuchoma panga motoni baada ya kila shina, kung'oa mgomba ulioumwa. Embire ilishambuliwa vibaya. Nilihangaika kuiokoa kona ile kuliko nilivyohangaika na ndizi za kupika. Sikujiuliza kwa nini.

Mpaka Ijumaa moja. Tumetoka kuswali, tumesimama barabarani na waumini, yule mama akapita. Kwa moyo mweupe kabisa akaniamkia, akasema kwa sauti: "Sheikh, Mungu amezibariki ndizi zako! Rubisi yake wateja wanaigombania!"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia. Lakini nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Nilikuwa nimetoka kuhutubia. Na hadithi ya Anas (R.A), kwa Tirmidhi na Ibn Majah, nilikuwa nimeisomesha mara nyingi, inayotaja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya khamri: mkamuaji na anayekamuliwa, mnywaji, mbebaji na anayebebewa, mnyweshaji, muuzaji, mla thamani yake, mnunuzi na anayenunuliwa. Kila nilipoisoma nilikuwa namtafuta mnywaji. Sikuwahi kujitafuta mimi.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafii walilizungumza jambo hili katika zabibu na tende. Anayeuza kwa mtu ambaye ana yakini kwamba atatengenezea khamri, anapata dhambi. Mwenye shaka tu, ni makuruhu. Mimi sikuwa na shaka. Yule mama hakuwahi kunificha kazi yake hata siku moja. Aliyeficha ni mimi, na nilijificha mwenyewe.

Nilimwendea sheikh aliyenitangulia kwa umri na elimu. Akaniambia nitubu, niache, na kwa njia ya uchamungu nitoe kadiri ya kile nilichopokea kwa manufaa ya watu, bila kutarajia thawabu za sadaka. Nikachukua daftari langu, nikajumlisha nilichoweza kukumbuka. Ilinichukua miaka miwili kumaliza, kidogo kidogo, kwenye ukarabati wa vyoo vya shule. Msikitini sikupeleka.

Lililokuwa gumu zaidi ni kumwambia yule mama. Nilimwendea kwake, nikamweleza kwa adabu kwamba embire yangu simuuzii tena kwa rubisi. Alinisikiliza, kisha akauliza: "Na watoto wangu watakula nini, Sheikh?"

Ndugu zangu, hapo hakuna hadithi ya kumtupia mtu usoni ukaondoka. Nilimwambia ndizi za kukamua juisi nitampa kwa bei ndogo, akamue asubuhi, auze kabla ya jua kuchwa, bila mtama. Alijaribu. Siku za soko ilikwenda vizuri, siku nyingine ilibaki ikamwagwa, hasara. Sitawadanganya kwamba aliacha rubisi. Aliendelea kununua embire kwa wengine. Mimi si polisi wake, na yeye si wa dini yangu. Lakini ndizi ni zangu na kaburi ni langu. Na harusi zetu za Waislamu pale kijijini tangu wakati huo juisi tunachukua kwake: inakamuliwa alfajiri, ikifika alasiri imekwisha.

BASI TUFANYE NINI?

Kijana wangu, usichangie ile seti. Usinunue kopo, usikoroge ndoo, usiibebe, na usikae mezani wakati inanywewa. Lakini wala usiipige teke ndoo ya wenzako. Waambie mapema, kwa uso mkunjufu, kwamba dini yako hairuhusu. Pika chai ya tangawizi ukawakaribishe. Mimi nilijaribu njia ya kumwaga, nimekusimulia ilivyonifikisha.

Wewe mwenye ndugu wasio Waislamu, uliza. Uliza kwa heshima: hiki kimekamuliwa lini, kimetiwa nini? Kama ni juisi, kunywa ukashukuru. Kama kimelala, sema samahani, rudisha kwa mikono miwili kama ulivyopewa.

Wewe mkulima, mjue mnunuzi wako. Usiseme mimi nauza ndizi tu, wakati mtumbwi unauona.

Wewe dada Muislamu unayepika pombe kulea yatima, usikimbie msikiti kwa kuona aibu. Njoo. Na sisi maimamu na kamati zetu tujiulize, zaka na sadaka zetu zinamfikia lini huyu, kabla ya sisi kumfikia kwa hotuba?

Na wewe unayekunywa, unayesoma mpaka hapa, Allah hajakufungia mlango. Zama za Mtume (S.A.W) aliletwa mtu aliyelewa, akaadhibiwa, na mmoja wa waliokuwapo akamwombea mabaya. Mtume akawakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Iko katika Bukhari. Basi nasi hatukulaani. Tunakuambia rudi, leo kabla ya kesho.

Mjomba wangu aliishi miaka mingi baada ya msiba ule. Kila nilipokwenda kumwamkia alitoka ndani na kibuyu kidogo, na kila mara nilimuuliza mbele ya watu wote: "Mjomba, kinalevya?" Alicheka mpaka anakohoa. Anawaambia wazee wenzake: "Mmeona? Siku hizi anauliza." Kisha nakaa chini, nakinywa chote.

Ewe Mola wetu, tutakasie matumbo yetu na mifuko yetu. Tupe elimu inayouliza kabla ya kuhukumu. Walinde vijana wetu walioko mbali na macho yetu, maana kwako hawako mbali. Wasamehe wazazi wetu, na walipe wema wote waliotutendea kheri. Amin.

Ukiona kuna faida, msomee na mwenzako.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.